Bungulu: Mabingwa wa Marekani walitoka kwingine, mtoto wa mkimbizi Beni anaambiwa angoje

Kila mwaka katika mwezi wa kumi, wachezaji 12 wa sataranji wanakutana katika mji wa Saint Louis, Marekani, kutafuta bingwa wa taifa. Sataranji ni ule mchezo ambao waliosoma Kifaransa wanauita échecs: ubao wa vyumba 64, wafalme wawili, na akili. Kila mchezaji anakutana na wenzake wote, raundi 11. Wengi wao ni magrandimasta, cheo cha juu kabisa ambacho shirikisho la dunia, FIDE, linampa mchezaji. Mwenye simu na mega kidogo anaweza kuwafuata akiwa Bungulu, kete kwa kete, mpaka betri iishe.

Anayefuata majina yao ataona jambo ambalo viongozi wa mji wa Beni wangepaswa kuliangalia kwa makini. Wesley So alizaliwa Ufilipino. Alianza kuchezea Marekani mwaka 2014, akawa bingwa wa taifa hilo mwaka 2017, tena 2020, tena 2021. Leinier Domínguez alitoka Kuba. Levon Aronian, jina kubwa la Armenia, alitangaza mwaka 2021 kwamba anahamia Marekani. Fabiano Caruana, aliyechukua ubingwa mwaka 2016, kisha 2022, 2023 na 2024, alizaliwa Miami lakini kwa miaka 10 alichezea Italia kabla ya kurudi. Hao ndio wanaogombea taji la taifa. Hakuna aliyewaambia: ninyi ni wa kuja, kaeni pembeni kwanza.

Mtu wa Bungulu atajibu haraka: hao hawakukimbia panga. Walihama na mizigo yao, walikuwa wanatakiwa. Ni kweli. Basi achukuliwe mwingine.

Tanitoluwa Adewumi ni mtoto wa Nigeria. Familia yake ilikimbia mwaka 2017 kwa kuogopa Boko Haram, ikafika New York, ikalala katika nyumba ya watu wasio na makazi. Shuleni palikuwa na klabu ya sataranji yenye malipo. Mama yake aliandika kusema kwamba mtoto anapenda kuingia lakini pesa hakuna. Wenye klabu wakamwondolea malipo. Mwezi Machi 2019, akiwa na miaka 8, akiwa bado analala katika nyumba ile ya msaada, alishinda ubingwa wa jimbo la New York kwa watoto wa umri wake. Alikuwa amejifunza mchezo kwa muda wa kama mwaka mmoja tu.

Kilichomwinua mtoto huyo kilianza na kitu kidogo sana: mtu mzima mmoja aliyekubali kumpa kiti bila kumwomba franka. Hicho ndicho kinachokosekana Beni, na ni makosa kusema kwamba kinakosekana kwa sababu ya vita peke yake.

Wakaaji wa Bungulu wanajua hali ilivyo. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewasukuma watu kutoka Oicha, Eringeti, Mbau na vijiji vya upande wa Ruwenzori. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23, na watu wa kusini mwa Lubero wakapanda na barabara kuelekea Butembo na Beni. Januari 2025 ikawa zamu ya Goma. Wengi wa waliofika mjini hawako chini ya mahema. Wako katika nyumba za ndugu na wa watu wema, familia mbili au tatu katika vyumba viwili, wakigawana sufuria moja.

Watoto wa familia hizo wanajulikana kwa namba. Wanaandikwa kwenye orodha ya unga, orodha ya blanketi, orodha ya chanjo. Orodha hizo ni za lazima, na anayezifanya vizuri ashukuriwe. Lakini baada ya kuandikwa, mtoto anarudi kukaa. Shule ya msingi ni ya bure tangu Septemba 2019, lakini mtoto wa sekondari anaulizwa pesa, na yule wa msingi anaulizwa daftari, viatu na karatasi zilizobaki kijijini. Saa nane mchana mtaa umejaa watoto ambao hakuna anayewaita kwa jina.

Ukileta wazo la meza ya sataranji kwa watoto hao, majibu ni matatu, na yote matatu yanastahili kujibiwa.

Jibu la kwanza linasema: watu wanakufa, nani ana wakati wa mchezo? Linatolewa kwa uso wa huzuni, na ndiyo maana watu wanaliogopa. Ni kweli kwamba kete haizuii risasi. Mfalme wa mbao hajawahi kulinda shamba la kakao. Lakini wanaosema hivyo waulizwe: mtoto asipopewa meza, anapewa nini mahali pake? Unga wake hauongezeki kwa kuwa hakucheza. Saa zile za mchana haziendi kulinda usalama. Zinakwenda barabarani. Na barabarani Kivu ya Kaskazini hakuna utupu. Kwa miaka mingi makundi yenye silaha yameandikisha watoto katika jimbo hili, na hayaanzi na yule aliye na mwalimu anayemngoja Jumamosi. Yanaanza na yule ambaye akikosekana siku tatu, hakuna anayeuliza yuko wapi.

Mji huu pia hauwezi kusema kwamba hauna uwezo wa kupanga kitu. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, milango ya makanisa, shule na ofisi iliwekwa ndoo ya maji ya klorini na mtu wa kupima joto. Hiyo ilifanyika katikati ya mauaji, na iliendelea hadi ugonjwa ulipotangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Mji ulioweza kuweka ndoo kwenye kila mlango unaweza kuweka meza sita katika ukumbi wa parokia.

Jibu la pili linasema: huo ni mchezo wa wavivu. Wazazi wamewaona wanaume wakicheza dame chini ya mti kwa vifuniko vya chupa tangu asubuhi hadi jioni, wakahukumu kila kitu chenye ubao. Hukumu hiyo ingekuwa na heshima kama ingepita pia mbele ya vibanda vya pari za mpira. Pale kijana anaacha franka za mama yake akingoja timu ya Ulaya imfanye tajiri, na watu wanapita bila kusema neno. Sataranji haichukui franka. Inamwambia mtoto: kabla ya kugusa, fikiri, ukishagusa, cheza, ukikosea, hakuna wa kulaumu. Katika mji ambapo uvumi mmoja unaweza kufunga barabara kabla ya saa tatu asubuhi, mafunzo ya kufikiri kabla ya kutenda si uvivu.

Jibu la tatu ndilo baya zaidi, na mara nyingi linasemwa kwa sauti ya chini: hao ni wageni, watarudi kwao, kwa nini kuwajengea? Anayesema hivyo ahesabu. Mtoto aliyezaliwa Oktoba 2014, mwezi mauaji yalipoanza, alitimiza miaka 10 mwaka 2024. Utoto wote umepita katika "watarudi". Hakuna mtoto anayeweza kuahirisha umri wake mpaka amani ifike. Na wazee walisema zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, kisha ungoje nje.

Mtu akitaka mfano wa karibu kuliko New York, avuke Kasindi. Bidhaa za Uganda zinaingia kwa mpaka huo kila siku, lakini mfano wa Katwe haujaingia bado. Katwe ni mtaa wa mabanda mjini Kampala. Huko Robert Katende alianza kuwafundisha watoto sataranji, na wengi walikuja kwanza kwa sababu ya kikombe cha uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Urusi mwaka 2010 na Istanbul mwaka 2012. Hakuwa grandimasta. Lakini alisoma hadi akamaliza chuo kikuu Marekani, na mtoto wa kike wa Katwe leo hawezi kuambiwa kwamba mchezo huo si wa watu kama yeye. Huko Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Kenya, FIDE na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wamepeleka masomo ya sataranji, na wasichana wamo.

Uji na ubao vilikwenda pamoja Katwe. Anayesema lazima kuchagua kimoja anatafuta sababu ya kutofanya chochote.

Gharama nayo isifanywe mlima. Katoni moja ya bidhaa, kalamu na rula vinatoa ubao wa vyumba 8 kwa 8. Kete ni 32: kila upande mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili na askari wanane. Vifuniko vya chupa za rangi mbili, kila kimoja kikiandikwa alama yake, vinatosha kuanzia. Ubao wa duka utakuja baadaye. Mwalimu mmoja anayejua sheria anaweza kuwafundisha vijana kumi kwa Jumamosi chache, na hao kumi wakawafundisha wengine.

Na mashindano yanawezekana kwa mfano ule ule wa Saint Louis. Watoto 12, raundi 11, michezo 66. Kila raundi inahitaji ubao sita tu. Wakicheza raundi mbili kila Jumamosi, kuanzia asubuhi, wote wanarudi nyumbani kabla ya giza, na bingwa anapatikana kwa Jumamosi sita. Bungulu ikianza, Beu, Mulekera na Ruwenzori hazitakubali kukaa nyuma. Kisha kuna Butembo, kilomita 54 tu, ambako familia za Lubero nazo zina watoto wanaokaa bure.

Lakini masharti yawekwe tangu mwanzo, maana mji umeshaona miradi mingi.

Kwanza, kusiwe na malipo ya kujiandikisha, hata franka 500. Pesa hiyo ndogo ndiyo mlango unaofungwa usoni mwa mtoto wa mkimbizi, na mwenye mlango kisha anasema watoto hao hawapendi mchezo. Pili, kusiwe na meza ya wakimbizi na meza ya wenyeji. Mtoto wa Bungulu akae mbele ya mtoto wa Eringeti, wapeane mikono, wacheze. Mkimbizi ametazamwa kwa shaka vya kutosha katika mji huu; acha atazamwe mara moja kama mpinzani wa kuheshimiwa. Tatu, wasichana waitwe kwa majina na wazazi wao waombwe wawaachilie saa hizo mbili, kwa sababu bila hivyo ndoo ya maji itawachukua wote. Nne, shirika lolote litakalokuja na fulana na kamera liulizwe mbele ya watu: nani atafungua ukumbi Jumamosi ya mwezi wa nne, fulana zikishachanika?

Wanaopaswa kujibu wanajulikana. Komine ina ofisi ya vijana na michezo. Parokia na makanisa yana kumbi zinazofungwa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Shule zina madawati ambayo mchana hayana mtu. Redio za mji zinatoa matokeo ya ligi za Ulaya kila wiki. Zinaweza kusoma jina la mtoto wa miaka 11 aliyeshinda Bungulu, na jina la kijiji alichokimbia, ili baba yake aliyebaki upande wa pili wa barabara alisikie. Kwa familia iliyotawanyika, hiyo peke yake ni habari kubwa.

Kongo haijapata grandimasta. Barani Afrika kusini mwa Sahara, Amon Simutowe wa Zambia alitimiza masharti ya cheo hicho mwaka 2007, na hadi leo waliomfuata ni wachache sana. Pengine hakuna mtoto wa Bungulu atakayekifikia. Hilo si swali la leo. Swali la leo ni kama mtoto aliyepoteza nyumba, shamba na darasa ataendelea kuonyeshwa pembeni pa kusimama.

FIDE, iliyoanzishwa Paris mwaka 1924, ina msemo wake wa Kilatini ambao maana yake ni: sisi ni ukoo mmoja. Bungulu haihitaji Kilatini kuelewa hilo. Inahitaji katoni, vifuniko 32, ukumbi uliofunguliwa, na mtu mzima mmoja atakayemwambia mtoto wa mkimbizi: keti, wewe unaanza na nyeupe.