Lojingi za bei nafuu Thika na Ruiru

Mhariri,

Thika ni mji wa mpakani katika kaunti ya Kiambu: ng'ambo ya mto Chania ni kaunti ya Murang'a. Kando ya mto huo ipo hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka 1908. Msafiri mwenye pesa kidogo, hata hivyo, hulala kwenye lojingi zilizo karibu na steji. Ruiru nako ni hivyo hivyo, hasa tangu upanuzi wa barabara kuu ya Thika ukamilike mwaka 2012.

Mgeni huandika jina na nambari ya kitambulisho kwenye daftari, hulipa, kisha hupewa ufunguo, taulo na kipande cha sabuni. Kabla ya kulipa, yafaa akague komeo la mlango, maji ya bomba na chandarua, tena aulize kama chini kuna baa. Muziki wake humnyima usingizi mchuuzi anayedamkia sokoni.

Shuka safi, komeo imara na njia ya kutokea moto unapozuka si anasa, bali ni haki ya kila mgeni. Kaunti ya Kiambu, inayotoa leseni za biashara, iyakague hayo kabla ya kuzihuisha.

Msomaji,
Ruiru