Tuachieni Pambizo

Wachapishaji wetu wanabana pambizo ili kuokoa karatasi. Mimi, mhariri wa vitabu, sikubaliani nao. Tazama hati ya Ellesmere, nakala ya hadithi za mshairi Chaucer iliyoandikwa kwa mkono Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1400. Wasimulizi wamechorwa pembeni, juu ya farasi, pale hadithi zao zinapoanza. Mmoja wao, Mke wa Bath, unamtambua mara moja kwa kofia yake pana. Hapohapo pembeni kuna maelezo ya Kilatini. Katika hati nyingine wasomaji wenyewe walichora pembeni kiganja, kidole kikiuelekea mstari uliowagusa. Viganja vingine vina vidole virefu ajabu, na hivyo ndivyo nivipendavyo. Leo mwanafunzi akithubutu kuchora hivyo, ataambiwa ameharibu kitabu.