Geuza Kiti Kwanza, Bei Baadaye

Wasee, leo si siasa wala mpira. Leo ni kiti cha nyanya yangu.

Jumamosi moja hapa Garsen, jamaa mwenye pikapu alisimama kwa geti yetu. Kazi yake ni kununua vitu vya kale nyumba kwa nyumba, kutoka huku hadi Witu. Akaona kile kiti cha mbao cha kuegemea mikono, kava nyekundu imefifia, akasema: "Nyanya, hicho ni mzigo tu. Nakupa elfu tatu na viti viwili vya plastiki." Nyanya alikuwa ashaanza kukubali. Kiti chenyewe kimeoga mafuriko, na alama ya maji ya El Niño ya 1997 iko kwa miguu yake hadi leo.

Mimi, yule aliyeacha chuo na familia nzima inauliza nafanya nini na simu mchana kutwa, nikasema: ngoja, tukigeuze kwanza.

Msimamo wangu ni huu: usiuze kiti ambacho hujaona chini yake. Juu kuna kava, na kava hubadilishwa. Ukweli uko chini.

Tulipokigeuza, juu kulikuwa na sponji iliyoshikwa na pini za stepla. Hiyo ni kazi ya juzi juzi. Lakini chini ya sponji kulikuwa na makumbi ya nazi na gunia, limepigwa misumari midogo kwa mkono. Viungo vya mbao vimeingizana na kushikwa na vigingi vya mti, si gundi. Mguu mmoja tu ndio una skrubu ya kichwa cha msalaba, na skrubu hizo zilienea kuanzia miaka ya 1930. Kwa hivyo mguu ule ulirekebishwa baadaye, na fremu ni nzee kuliko kava.

Sasa, tusidanganyane. Kwetu husemwa kiti kilitoka kwa wamishonari Wajerumani wa Ngao, waliofika mwishoni mwa miaka ya 1880. Stori tamu, lakini chini ya kiti hakuna jina wala muhuri. Stori bila ushahidi haiongezi bei. Picha ya zamani au risiti ndiyo huongeza. Na uzee peke yake si pesa: mnunuzi anaangalia aina ya mbao, ufundi, na kama sehemu za mwanzo bado zipo. Kiti cha enzi cha Lamu, cha mpingo na nakshi za pembe au mfupa, si bei moja na kochi la ofisi ya mkoloni.

Yule jamaa alituona tukipiga picha, akapanda hadi elfu tisa. Manze, mara tatu! Na kiti hakijaongezewa hata msumari. Kilichoongezeka ni macho yetu tu.

Kuna sheria pia. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inahesabu kitu cha kubebeka kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Kwa hivyo anayekuambia "mzigo tu" huenda anajua zaidi yako.

Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na wakoloni, na tangu 1908 iko British Museum, London. Inatuuma, na ni haki ituume. Lakini ile tulinyang'anywa. Hivi viti tunavitoa wenyewe, tena tunasaidia kuvipakia.

Kama kwenu kuna kiti kama hiki, usikipake vanishi mpya wala kutupa kava ya zamani. Kipige picha juu, chini na kwenye viungo. Andika anachokumbuka mzee wa nyumba, angali yupo. Waonyeshe watu wa makavazi Lamu au fundi mzee wa mbao. Halafu tafuta wanunuzi wawili, si mmoja.

Nyanya hajauza. Pengine atauza shule zikifungua, na ni haki yake, kiti ni chake. Ila siku hiyo atajua anauza nini.

Kwenu kuna nini kwa sebule? Kigeuze leo, uniambie umeona nini.