Paka ana uvimbe kwenye chuchu? Usingoje damu (Sehemu ya 4)

Mama zangu, tuendelee. Huku Lushoto paka tunamfuga kwa ajili ya panya, na wilaya iliyoingiwa na tauni mwaka 1980 haihitaji kuelezwa ubaya wa panya. Sasa mbona paka huyo huyo akiota uvimbe kwenye chuchu tunasema "ni maziwa hayo"?

Kuna wanaosema apimwe damu kwanza, ikiwa nzuri tumwache. Mimi nakataa. Kweli saratani ya matiti huvuruga damu ya paka: damu inapungua, fizi zinapauka, seli nyeupe zinapanda, hasa uvimbe ukishapasuka na kuoza. Lakini uvimbe ukiwa mdogo, damu inaweza kuonekana safi kabisa. Na kwa paka, uvimbe wa matiti zaidi ya asilimia 80 ni saratani! Mpapase tumbo anapolala mapajani. Ukigusa kitu kama punje ya mchele, mwite daktari wa mifugo. Kikatwe, kipelekwe maabara.

Halafu vidonge vyenu vya uzazi wa mpango, jamani, msimpe paka ili asizae. Homoni za aina hiyo zinamwongezea hatari. Afanyiwe upasuaji wa kutoa kizazi na ovari kabla ya miezi 6.