Maradhi ya Moyo Hayaulizi Umri wala Mfuko

Tumezoea kusema kuwa maradhi ya moyo ni ya wenye nazo: mtu wa kitambi, gari na miaka sitini. Kijana maskini atembeaye kwa miguu kutoka Kibera au Kawangware kwenda kutafuta kibarua hudhaniwa yu salama. Dhana hiyo yafaa ipimwe.

Moyo wenyewe hulishwa na mishipa myembamba. Mafuta yakijijenga katika kuta za mishipa hiyo, njia hubana. Utando ukipasuka, damu huganda na sehemu ya moyo hufa. Jambo hili huanza mapema. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani waliandika juu ya maiti 300 za askari waliouawa Korea, wastani wa umri wao miaka 22. Zaidi ya saba katika kila kumi walikwisha kuwa na dalili za ugonjwa huo.

Na Nairobi je? Mwaka 1990 ulichapishwa uchunguzi wa Waluo waliohamia mji huo kutoka mashambani, magharibi mwa Kenya. Miezi michache tu baada ya kufika, shinikizo lao la damu lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha chumvi imezidi, na potasiamu, madini ya mboga na matunda, imepungua. Shinikizo hilo ndilo liharibulo mishipa.

Basi wa kulaumiwa si uvivu, bali maisha ya mji. Mtu hutoka alfajiri na kurudi usiku. Makaa ni ghali, maji ni ya kununua, na maharagwe huchukua saa nyingi kuiva. Chipsi na mandazi za kando ya njia, za mafuta yaliyokwisha kaangiwa mara nyingi, ndizo zilizo karibu.

Sisi wa pwani tusijione tuko mbali. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi, Waislamu wenzetu. Mezani petu pa futari, sambusa, bajia na viazi karai ndivyo vitanguliavyo. Vijana wetu nao hukesha na miraa na sigara, na uchunguzi uliofanywa Yemen umehusisha utafunaji wa miraa na shambulio la moyo.

La hatari zaidi ni kutojijua. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya hawakuwa wamepata kupimwa shinikizo la damu, ilhali kipimo chenyewe ni cha dakika chache na hakina maumivu. Kijana akibanwa na kifua, jasho likamtoka na mkono wa kushoto ukamuuma, huambiwa ni vidonda vya tumbo, au gesi, au kijicho cha watu. Akanunuliwa dawa ya dukani akalazwa. Saa hizo chache ndizo zenye uhai wake. Dua na isomwe, naam, lakini isomwe njiani, mgonjwa akipelekwa hospitali.