Dakika 10 za kila saa
Katika makala yenu kuhusu uvuvi wa samoni Alaska, kuhesabu samaki mmekugusa kwa mstari mmoja tu, na ndiyo roho ya kazi yenyewe. Niliifanya kwa msimu mmoja Bristol Bay, Alaska. Unapanda mnara kando ya mto, unahesabu samaki wanaopita kwa dakika 10, unazidisha kwa 6 kupata saa nzima. Ng'ambo ya pili vivyo hivyo, usiku na mchana kwa zamu. Hesabu hizo huangaliwa kabla wavuvi hawajaruhusiwa kutega nyavu. Saa nane usiku, taa ikimulika maji, migongo inapita kama kivuli kimoja kirefu, kidole kwenye kifaa cha kubofya kimekufa ganzi kwa baridi. Sikuthubutu kukisia hata samaki mmoja. Mkirudi huko, ongeeni na watu wa mnarani.