Ningu na Mafuriko ya Mto

Mtu aendaye Soko la Burma, mjini Nairobi, kutafuta kitoweo huuliza bei. Ni nadra kuuliza mvua ilinyesha wapi. Hata hivyo wako samaki ambao wingi wao hutegemea mvua na mto kabla wavu haujatupwa majini. Mmojawapo ni ningu wa Ziwa Viktoria.

Ningu hukaa ziwani, lakini mayai yake huyataga mtoni. Mvua za masika zinyeshapo, kati ya Machi na Mei, mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja hujaa, na maji hugeuka rangi kwa udongo. Hiyo ndiyo ishara. Ningu hukusanyika milangoni mwa mito, kisha hupanda wakishindana na mkondo hadi mahali ambapo maji yamefunika majani ya kando. Hapo hutaga. Mayai huanguliwa upesi, na vifaranga hupata chakula na maficho majanini, kisha huteremka ziwani maji yapunguapo.

Basi mafuriko yakishuka mapema mno, mayai na vifaranga huachwa pakavu. Misitu ya milimani ikikatwa, maji huja kwa ghafula na kwenda zake kwa ghafula. Vinamasi vikilimwa, mahali pa kutagia hapapo tena.

Hata hivyo pigo kubwa lilitokana na uvuvi. Zamani wenyeji waliwatega ningu kwa migono na nyua zilizojengwa mtoni, na wengi walipenya. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilienea, zikatandwa milangoni mwa mito majira yale yale ya kupanda, zikanasa majike wenye mayai tumboni. Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr alieleza jinsi uvuvi wa ningu ulivyopungua, na jinsi mitego ya asili ya Mto Nzoia ilivyofifia pamoja nao. Baadaye mbuta, samaki mla samaki aliyeletwa ziwani, alizidisha taabu.

Hakuna mkulima mwenye busara alaye mbegu zake mwezi wa kupanda. Ningu jike aliye mlangoni mwa mto wakati wa masika ni mbegu. Yafaa mvuvi auache mlango wazi majira hayo, na mkulima ayaache majani ya ukingoni yasimame. Wakifanya hivyo, mto utafanya kazi iliyobaki.